Kabla ya Mstari Mwekundu: Utangulizi wa Elimu ya Kumwandaa Mtoto kwa Upasuaji na Dawa ya Usingizi

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, katika hospitali nyingi za kwetu, sakafuni pamepigwa mstari mwekundu. Upande wa huku mama anaruhusiwa kusimama na kandambili zake na khanga yake. Upande wa kule wanapita waliovaa nguo za kijani na viatu vya ndani. Mtoto hukabidhiwa hapo. Nimesimama kwenye mstari huo miaka mingi nikipokea watoto, na nimejifunza kwamba upasuaji wa mtoto hauanzi daktari anaposhika kisu. Umekwisha kuanza siku kadhaa nyuma, nyumbani, kwa maneno aliyoambiwa na kwa yale aliyofichwa.

Nilimpokea mtoto wa kike wa miaka sita aliyekuja kutolewa mafindofindo. Nyumbani aliambiwa anapelekwa kwa shangazi, kuna sherehe. Alikuwa amevaa gauni la sikukuu lenye utepe kiunoni, na nywele zimesukwa jana yake. Alipoona kitanda cha magurudumu hakulia. Alimtazama mama yake kwa muda, kisha akaniuliza mimi: "Shangazi yuko humo ndani?" Nilikosa jibu. Kabla sijapata neno la kumwambia alikuwa ameshaelewa, na ilibidi watu watatu wamshike ndipo maski imfike usoni. Operesheni yenyewe ilikwenda vizuri. Wiki mbili baadaye, kliniki, mama alisema koo limepona, ila mtoto ameanza tena kukojoa kitandani, na akisikia jina la shangazi anajificha chini ya meza.

Elimu ninayokukaribisha ndani yake imezaliwa kutokana na watoto kama huyo. Inauliza mtoto anapaswa kujua nini kabla ya kupasuliwa, aambiwe na nani, lini, na kwa maneno gani; na mwili wake uandaliwe vipi ili dawa ya usingizi imwingie na kumtoka salama. Ndani yake wamo madaktari wa usingizi, wauguzi, wanasaikolojia na walimu wa michezo ya watoto. Naandika kwanza kwa mwanafunzi wa uuguzi na wa tiba, lakini mzazi asome bila hofu, na mwalimu wa chekechea au wa madrasa vilevile, kwa sababu wao ndio mtoto anaowauliza kabla hajatufikia sisi.

Dawa ya usingizi si ya zamani sana. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimpa mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na uvimbe wa shingoni ukakatwa. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia klorofomu. Miezi michache tu baadaye, tarehe 28 Januari 1848, karibu na Newcastle, Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu. Alifariki papo hapo. Ndicho kifo cha kwanza cha klorofomu kilichoandikwa katika kumbukumbu za tiba, na aliyekufa alikuwa mtoto, kwa jambo dogo. Mimi huwaambia wanafunzi wangu walikumbuke jina hilo kila wanaposikia mtu akisema "ni operesheni ndogo tu".

Kwa karibu miaka mia moja baada ya hapo, madaktari walishughulika na dawa na mashine. Moyo wa mtoto haukuwa mada. Mwaka 1945 daktari wa Marekani, David Levy, aliandika juu ya watoto waliobaki na hofu, ndoto mbaya na ukaidi baada ya kupasuliwa. Uingereza ya wakati huo iliwatenga wazazi na wodi za watoto. Mama aliruhusiwa kumwona mwanawe kwa saa chache tu, na kwingine mara moja kwa wiki. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi London pamoja na John Bowlby, alipiga filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kutengenezwa ngiri ya kitovu. Hakuna mkasa katika filamu ile. Kuna mtoto anayejikaza asilie, na anayeacha kidogo kidogo kumkimbilia mama yake anapokuja kumwona. Madaktari wengi waliikasirikia. Lakini mwaka 1959 ripoti ya serikali, iliyoongozwa na Harry Platt, ilipendekeza wazazi waruhusiwe wodini wakati wote.

Hapa nasimama kidogo kwa fahari. Kile ambacho wenzetu walihitaji filamu na ripoti ya serikali kukipata, sisi tulikuwa nacho. Katika wodi zetu mama hulala na mtoto, wakati mwingine kitanda kimoja, wakati mwingine juu ya mkeka chini yake. Bibi huleta uji kwenye chupa ya chai. Mtoto wa jirani hupigiwa makofi akitembea. Tunaupoteza utajiri huu mahali pamoja tu, kwenye mstari mwekundu, na ndiyo sababu elimu hii inapang'ang'ania mahali hapo.

Jambo moja la historia nalisema kwa uchungu. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga wengi, hata katika hospitali kubwa za nchi tajiri, walipasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli na dawa kidogo mno ya kuzuia maumivu, kwa imani kwamba hawahisi, au kwamba dawa itawaua. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba wachanga waliozaliwa kabla ya siku zao, wakipewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji wa mshipa karibu na moyo, usumbufu wa miili yao na matatizo ya baadaye hupungua. Mama yeyote angewaambia kwamba mtoto wake anahisi.

Kisha ukaja ushahidi juu ya maandalizi yenyewe. Mwaka 1975 Barbara Melamed na Lawrence Siegel waliwagawa watoto 60, wa miaka 4 hadi 12, wanaosubiri operesheni. Nusu walionyeshwa filamu ya mvulana anayepitia hatua zote, akieleza hofu yake na jinsi alivyoivuka; nusu wakaonyeshwa filamu isiyohusu hospitali. Walioona mwenzao akipita njia ile walikuwa na hofu ndogo zaidi kabla na baada. Baadaye Zeev Kain na wenzake, wakiwa Yale, walifuatilia watoto kwa miezi kadhaa: wiki mbili baada ya operesheni asilimia 54 walikuwa na mabadiliko mabaya ya tabia, na baada ya miezi sita bado asilimia 20. Mwaka 2006 wakachapisha utafiti wa watoto 241 waliotolewa mafindofindo. Walioingia na hofu kubwa waliumia zaidi nyumbani, walihitaji dawa zaidi za maumivu, na karibu mmoja kati ya kumi aliamka akiwa amechanganyikiwa, wakati kwa waliotulia hawakufika wawili kati ya mia. Hofu inaingia ndani ya mwili. Inaongeza maumivu na inachelewesha kupona. Kwa hiyo kumwandaa mtoto ni tiba, na mwenye kuiruka ameruka hatua ya tiba.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapo ndipo lugha yetu inapodai uangalifu wake wenyewe. Mtoto wa miaka minne hulichukua neno kama lilivyo. Mwambie "utapasuliwa", na anachokijua yeye ni kuni zinazopasuliwa kwa shoka nyuma ya jiko. Mwambie "utachomwa sindano", na kwake kinachochoma ni mkaa. "Utalazwa" ni neno la kila siku kwetu wodini. Lakini mtoto ambaye mwezi uliopita aliambiwa babu amelala, kisha akaona babu akibebwa asirudi, ana haki ya kuuliza kama na yeye atalala vile. Na "nusu kaputi" tunaitamka bila kuisikia. Ilitujia enzi za Wajerumani, nusu yetu na kaputi yao, maana yake kilichovunjika au kilichokwisha. Mtu mzima hupita juu yake. Mtoto wa darasa la pili aliniuliza, kwa uso wa mtu anayetaka kujua kweli: "Nusu gani, ya juu au ya chini?"

Mimi humwambia hivi: "Utapewa dawa ya usingizi. Usingizi wake si kama wa usiku. Huu, hata ukiguswa huamki. Mimi nitakaa karibu na kichwa chako tangu mwanzo mpaka mwisho, sitoki. Kazi ikiisha naacha kukupa dawa, na wewe unaamka." Juu ya upasuaji wenyewe humwonyesha mahali kwa kidole: hapa daktari atafungua kidogo, atatengeneza, atashona. Watoto wanamjua fundi cherehani, neno kushona haliwatishi. Juu ya sindano sisemi haiumi. Nasema inauma kama sisimizi akikung'ata, tuhesabu pamoja mpaka tano. Ikiuma zaidi ya hapo namwambia nilikosea, nasamehewa, tunaendelea. Mtoto huvumilia maumivu aliyoambiwa zaidi kuliko maumivu aliyoviziwa nayo.

Lipo pia "usiogope". Tunalisema kwa mapenzi, mara kumi kwa dakika, na "pole, pole, itaisha sasa hivi". Watafiti waliosikiliza mazungumzo ya wazazi na watoto wakati wa sindano wameona jambo la kushangaza: maneno ya kubembeleza namna hii, yakirudiwa kabla ya tukio, huendana na hofu kuongezeka. Mtoto husoma uso na sauti. Akisikia "usiogope" anaelewa kuna cha kuogopwa. Sisemi tuache pole, maana pole ndiyo utu wetu. Iwekwe baada ya maumivu, mahali pake. Kabla yake mpe mtoto kazi: hesabu, puliza, nisimulie juu ya yule mbuzi wenu.

Na kuna kauli moja ninayoomba ife kabisa katika nyumba zetu: "Ukiendelea kulia nitamwita daktari akudunge sindano." Mtoto aliyelelewa na kauli hiyo miaka mitano anapotufikia, kwake sisi ni adhabu iliyokuwa ikimsubiri. Ukijumlisha na tabia ya watoto wa miaka mitatu hadi sita kuamini kwamba ugonjwa umekuja kwa sababu ya kosa lao, utaelewa kwa nini mvulana mmoja mwenye ngiri alinong'ona, akiwa tayari mezani, kwamba hatampiga mdogo wake tena.

Umri ndio unaoamua uanze lini. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hana kesho ndefu. Mwambie siku moja kabla, au asubuhi ileile, na wekeza nguvu kwa mama yake, kwa sababu hofu kubwa ya umri huo ni kutenganishwa. Kuanzia miaka sita mtoto anahitaji siku tano hadi saba za kulizungusha jambo akilini, kuuliza, kusahau, na kuuliza tena; ukimwambia usiku wa kuamkia operesheni umemwongezea hofu bila kumpa muda wa kuimaliza. Kijana wa miaka 13 atakuuliza kama anaweza kuamka katikati, na hatakuuliza kinachomsumbua zaidi, yaani nani atamwona akiwa uchi. Mjibu hilo bila kuulizwa.

Zoezi lenyewe la kumwandaa halihitaji fedha. Tuna mwanasesere wa vitambaa aliyeshonwa na muuguzi mmoja, kichwa kikubwa, macho ya vifungo vya shati, kimoja cheupe, kimoja cha kahawia. Tunampa mtoto maski halisi. Kwanza anamvalisha mwanasesere. Kisha ananivalisha mimi, na hapo ndipo wengi wanacheka kwa mara ya kwanza tangu walazwe. Mwisho anajivalisha mwenyewe, kwa mkono wake. Ndani ya maski tunapaka mafuta ya mdomo yenye harufu ya matunda, naye ndiye anayechagua harufu. Tunamwonyesha mfuko wa mpira wa mashine, unavyotuna na kunywea kila anapopumua, na tunamwambia kesho kazi yake ni kulijaza puto hilo. Kesho yake, mezani, macho yake hayako kwenye taa kubwa wala kwenye vyuma. Yako kwenye puto. Robo saa ya leo imemwokoa na kushikwa na watu watatu kesho.

Watu huniuliza kama haya si mambo ya Wazungu. Nawajibu kwa jando. Mvulana wa jandoni hakukatwa kwa kuviziwa. Alikuwa na rika lake, alikuwa na mtu mzima aliyepewa kazi ya kumwangalia, alifundishwa kwa nyimbo, na alijua kwamba kuna maumivu na kwamba yana mwisho. Babu zetu walijua kwamba mtoto anaweza kubeba kweli akisaidiwa kuibeba. Sisi tunaacha kando siri ya jando na aibu ya kulia. Kwetu kulia kunaruhusiwa. Kilichobaki tunakichukua chote.

Upande wa mwili una mambo mengi, nami nitachagua machache ninayoyaona yakigharimu watoto. Mtoto hafai kuhesabiwa kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kwa kila kilo ya mwili wake anatumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, hivyo pumzi ikikatika kidogo tu, oksijeni yake inashuka upesi. Damu yake ni takriban mililita 80 kwa kilo. Mwenye kilo 10 ana mililita 800 mwili mzima. Chupa ya soda ya mililita 350 inakaribia nusu yake. Dawa zote hupimwa kwa uzito. Ndiyo maana tunampima tena hata kama kadi ya kliniki ina namba ya mwezi uliopita.

Mafua na kikohozi vinastahili aya yao. Njia ya hewa yenye mafua hukereka upesi. Ikiguswa na maski au mrija inaweza kujifunga ghafla. Kwa operesheni isiyo ya haraka mara nyingi ni heri kungoja wiki kadhaa. Lakini fikiria mama aliyeuza kuku kupata nauli, aliyesafiri usiku kucha, aliyengoja tarehe hii miezi minane. Ataficha kikohozi. Simlaumu hata kidogo. Namwomba tu anieleze, na nawaomba wenzangu wampokee bila kumgombeza, wampe tarehe nyingine iliyo karibu, isiyo mkiani mwa foleni. Vivyo hivyo kwa siko seli, ambayo huku kwetu ni nyingi: mtoto mwenye siko seli asikauke maji, asipigwe baridi, asipungukiwe oksijeni, na daktari wa usingizi ajue mapema. Dawa za miti shamba zitajwe zote. Hirizi hatuivui kwa dharau. Mama huishika mkononi mpaka mtoto atoke. Piko na rangi ya kucha tunaomba ziondolewe angalau kidole kimoja, kwa sababu kifaa kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni hupitisha mwanga, na rangi inaweza kuuvuruga.

Njaa ndiyo dhuluma ya kimya. Tumbo linapaswa kuwa tupu, kwa sababu usingizini chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mtindo uliozoeleka ni saa sita kwa chakula, na uji ni chakula, na maziwa ya ng'ombe vilevile. Saa tatu hadi nne kwa maziwa ya mama. Na kwa maji au chai ya rangi ni saa mbili, ingawa mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umeshuka hadi saa moja kwa watoto. Ufuate ule uliopewa na daktari wako wa usingizi. Lakini tazama kinachotokea: kwenye faili huandikwa "asile chochote kuanzia saa sita usiku", na zamu ya mtoto inafika saa nane mchana. Ni saa kumi na nne. Sukari imeshuka, mishipa imesinyaa, sindano moja inakuwa nne, na bibi aliyemwonea huruma ameshampenyezea andazi. Kosa ni letu tulioandika wakati mmoja kwa watoto wote. Wadogo waanze asubuhi, na kikombe cha maji ya sukari kiandikwe kwenye faili kwa saa yake, kama dawa.

Ketamini naitaja kwa sababu ya mama wa mikoani. Ilitengenezwa mwaka 1962 na bado ndiyo nguzo ya hospitali nyingi za wilaya, kwa kuwa mtoto huendelea kupumua mwenyewe na haihitaji mashine kubwa. Ila aliyepewa ketamini anaweza kulala macho wazi, yakitembea taratibu, mate yakimtoka. Mama aliyemchungulia mwanawe katika hali hiyo bila kuambiwa atapiga yowe, na atakuwa na haki. Mwambie kabla. Mwambie pia kwamba mtoto anaweza kuamka akilia, akirusha miguu, asimtambue hata yeye, na kwamba kwa wengi hali hiyo hupita ndani ya nusu saa. Kain na wenzake waliona kwamba mzazi kuingia tu na mwanawe chumba cha upasuaji hakusaidii sana. Aliyeandaliwa, mwenye kazi ya kufanya, ndiye anayesaidia. Programu yao ya mwaka 2007, iliyowafundisha wazazi nyumbani, ilipunguza hofu ya watoto na hata kiasi cha dawa za maumivu walizohitaji.

Mtoto naye aulizwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 vinampa haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Fomu ya ridhaa husainiwa na mzazi, lakini neno la mtoto linabaki kuwa neno. Na kumuuliza ni usalama pia. Ifakara, Tanzania, ilikuwa moja ya miji minane duniani iliyojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Utafiti ule ulihusu wenye miaka 16 na zaidi, ila hatua yake ya kwanza inamfaa mtoto kuliko mtu yeyote: muulize jina lake, na akuonyeshe kwa kidole tunatengeneza wapi. Akikuamkia shikamoo, inama, itikia marahaba, ndipo umguse.

Najua jibu la walio kazini. Wodi imejaa, huenda mkoa mzima una daktari mmoja wa usingizi, na duniani watoto wanaokadiriwa kufika bilioni 1.7 hawafikiwi na huduma salama ya upasuaji. Yote ni kweli, nami nimefanya kazi katika hali hiyo. Lakini yule mtoto wa gauni la sikukuu hakukosa mashine wala dawa. Alikosa sentensi mbili za kweli, kwa wakati wake, kutoka kwa mtu anayemwamini.

Nimalizie kwa ombi. Wewe unayejua kuchora, chora maski, chora kitanda cha magurudumu, chora mstari mwekundu na mama anayesubiri upande wa huku na khanga yake. Wewe unayejua kuandika, andika chini ya kila picha mstari mmoja wa Kiswahili ambao mtoto wa miaka mitano atauelewa. Kurasa nane zinatosha. Zipeleke wodi ya watoto iliyo karibu nawe, umkabidhi muuguzi wa zamu.